Koti la Watu Wawili

Sokoni Mama alikuwa na sheria yake: nguo hutazamwa tumbo kabla ya uso. Kwenye rundo la mitumba alichomoa koti, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono, kisha akafumbata kitambaa na kukiachia aone kama kitabaki na makunyanzi.

"Mama, unanunua koti au unaliposa?" muuzaji alimwuliza.

"Anayeposa ndiye hudanganywa na sura. Mimi naangalia bitana."

Wateja wakacheka, na muuzaji akacheka kwa shingo upande, maana alijua bei inashuka. Koti lilikuwa la buluu iliyoiva, sufu nyepesi, bitana kamili, kwapani halijachakaa. Vifungo tu ndivyo vilivyolitia aibu, na vifungo hubadilishwa.

Lilikuwa la binti zake wawili. Wote walikuwa wamemaliza chuo, wote walikuwa wanatafuta kazi, na mshahara wa Mama wa ukarani wa ghala ungeweza kumvalisha vizuri mmoja tu. Kununua vingi vya hovyo hakutaka hata kusikia. Cha rahisi ni ghali, alisema, kinafuliwa mara tatu kinageuka tambara. Basi akawajengea kabati moja: koti, sketi ya kijivu, suruali nyeusi na blauzi mbili nyeupe, kila kimoja kikiendana na vingine vyote. Viatu kila mtu na vyake, maana miguu haikubali ushirika.

Mabega yao yalilingana, na kwa Mama bega ndilo nguo. Yaliyobaki ni kazi ya fundi. Fundi wa pale mtaani alibadilisha vifungo, akaacha pindo pana la sketi na kulishika kwa mkono kwa uzi mwepesi, ili lishushwe akitoka Dada, yule mkubwa aliyekuwa mrefu zaidi, na lipandishwe akitoka mdogo wake. Huyu mdogo walimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika.

Walikubaliana hivi: atakayeitwa kwanza kwenye usaili ndiye mwenye koti siku hiyo.

Jioni Mama aliwatembeza sebuleni kama makuruta. "Nyoosha mgongo. Usivute mkono wa koti, si la kuazima. Mtu akiingia ofisini bila koti wanamwonyesha ndoo ya deki iko wapi."

"Na akiingia na koti linalobana?" Chiriku aliuliza.

"Wanamwonyesha mlango."

"Bora ndoo. Angalau una kazi!"

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye alicheka, lakini akarudia somo.

Aliyeitwa kwanza alikuwa Chiriku. Ilikuwa ofisi ya usafirishaji wa mizigo, kitengo cha hesabu, kazi aliyoisomea hasa. Alilipiga koti pasi kwa kitambaa chenye unyevu, akalitundika nyuma ya mlango, na kila aliyepita alisimamishwa alitazame. Kisha Dada akapigiwa simu na kampuni ya bima. Cheo kikubwa zaidi. Asubuhi ileile.

Mama hakuzunguka mbuyu. "Koti atavaa Dada."

"Mama, mimi niliitwa kwanza," alisema Chiriku.

"Najua. Lakini ya dada yako ikipatikana, inatubeba sote. Wewe vaa sketi na blauzi, na ile sweta yangu ya kijani. Utapendeza hata bila koti."

"Si wewe uliyesema habari za ndoo?"

"Nilisema mengi. Hili ni la leo."

Dada alisema, "Mwachie, Mama, mimi nitajua la kufanya," lakini kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe. Chiriku akawatazama wote wawili, akaenda kupandisha pindo la sketi.

Walitoka pamoja asubuhi. Mchana Dada alirudi anang'aa. "Chumba kilikuwa na joto! Yule mkubwa wao akaniambia nivue koti nijisikie huru. Likakaa mgongoni mwa kiti mwanzo mpaka mwisho."

"Na wewe?" Mama alimgeukia Chiriku.

"Salama. Watapiga simu."

Waliyempigia simu ni Dada. Kazi akaipata, na mtaa mzima ukaambiwa. Hesabu ya Mama ilikuwa imetoka sawasawa, mpaka siku alipoipeleka suruali nyeusi kwa fundi ikazwe zipu.

"Chiriku hajambo?" fundi aliuliza. "Siku ile alikaa hapa kwangu asubuhi nzima na sweta yake ya kijani. Nikadhani anamsubiri mtu."

Mama aliiacha suruali mezani bila kueleza tatizo lake.

Alimkuta Chiriku uani anaanua nguo. "Hukwenda."

"Nilikwenda. Nilifika mpaka getini."

"Ukafanya nini?"

"Walikuwepo wengine wanasubiri. Wote na makoti. Mmoja wao lake lilikuwa la hovyo, Mama, mshono wa bega umekimbia, ungelicheka. Lakini lilikuwa koti." Alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. "Nikajitazama kwa macho yako. Nikaona ndoo."

Mama alipokea taulo kutoka mkononi mwa mwanawe, akaliweka kwenye beseni.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini akaenda ile ofisi ya mizigo. Mwanamke mmoja wa makamo alimpokea, mwenye kukagua barua za maombi, naye alikuwa amejitupia kitenge begani juu ya gauni la kawaida. Alimkumbuka Chiriku kwa jina. Nafasi ilikuwa imeshajazwa.

Chiriku alikuwa jikoni Mama aliporudi. Alijua alikotoka, viatu vya kazini na vumbi la barabara ya ile ofisi vilisema.

"Wamesemaje?"

Mama alivuta kigoda akakaa, mkoba ukiwa bado begani. Njia nzima alikuwa ametafuta maneno mengine, na yote yalikuwa uongo.

"Walikusubiri," alisema. "Watu walipokwisha, walikuita jina mara mbili. Yule mama anayekagua barua alitoka mwenyewe mpaka getini kukutafuta. Alama zako walikuwa wamezipenda."

Chiriku alipunguza moto. Akasimama akiutazama mvuke wa sufuria.

"Bora ungenidanganya, Mama."

"Najua, mwanangu," alisema Mama. "Najua."