Magoti ya Kuazima

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kati ya ghorofa ya nne na ya tano, msafisha ngazi aliinama akamue kitambaa, goti lake la kushoto likakataa kukunjika. Alilingoja kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake afunge kamba za kiatu. Halikuja. Akazimaliza ghorofa zilizobaki kwa mguu mmoja na chuma cha kushikia, maana jengo lilikuwa na ghorofa tisa na kazi haina huruma na goti.

Daktari wa zahanati alimweleza kwa vidole. Goti ni bawaba ya mlango, alisema, kazi yake kufunga na kufungua. Nyonga ndiyo inayozunguka, kama mchi ndani ya kinu. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu linaloteleza, na katikati kuna ute, mfano wa mafuta kwenye bawaba. Gegedu lake lilikuwa limekwisha, mfupa ukisaga mfupa, kulia na kushoto. Akaandika barua: mama huyu atumie lifti.

Msimamizi wa jengo, kijana wa rika la binti yake, alimpa shikamoo, akaisoma barua mara mbili.

"Mama, ingekuwa mimi ningekuruhusu," alisema. "Lakini lifti ni ya wapangaji na wageni wao. Ndoo inawaudhi."

Mume wa msafisha ngazi alikuwa mlinzi mstaafu, aliyekaa kwenye kiti cha langoni miaka ishirini na miwili, na magoti yake yalikuwa kama mapya. Jioni ile alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini, akakunja suruali, akayachomoa magoti yote mawili na kuyaweka mezani juu ya gazeti.

"Vaa," alisema. "Kwani mimi nina safari gani?"

Jirani alipopata habari alimkumbusha kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Msafisha ngazi akamjibu kwamba wahenga walitaja nguo tu. Maungo yenyewe hawakuyagusa.

Magoti yalimpwaya kidogo, akayakaza kwa bendeji. Alfajiri aliondoka nayo, saa kumi jioni akayarudisha, na mzee akayavaa kwenda kupiga soga kwa kinyozi. Mchana mzee alilala miguu imenyooka, akisikiliza redio. Magoti ya mkewe yalikaa kwenye beseni chini ya kitanda.

Wiki ya pili mzee akaanza kusema mambo. Tangu waoane hakuwahi kuuliza lolote kuhusu kazi ya mkewe. Sasa, wakiwa mezani, alisema kuna kigae kilichovunjika karibu na ghorofa ya sita. Kisha akauliza kwa nini pale ya saba anapiga magoti muda mrefu vile.

"Kuna mtu humwaga kahawa pale."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Kesho yake mkewe alipoamka aliyakuta magoti yamekwisha kuchomolewa, yamepakwa mafuta, yanapashwa joto kando ya jiko.

Msimamizi naye aliona jinsi mama anavyopanda. Akamwachisha kazi msafishaji wa ngazi za nyuma, akampa yeye ngazi zote mbili. Kabla mwaka haujaisha magoti ya mzee yalikuwa yanalia kama mlango wa stoo, na jioni moja alishindwa kuinuka kitini bila kushika meza.

Binti yao, fundi cherehani, alikuja siku hiyohiyo. Akaketi, akaanza kupandisha sketi bila kuulizwa. Mama yake akamshika mkono.

"Ya kwako hapana."

"Mama, mimi kutwa nzima nimekaa tu."

"Baba yako naye alikuwa anakaa."

Asubuhi msafisha ngazi aliliburuta beseni, akavaa magoti yake mwenyewe, akachechemea hadi kazini. Akakaa kitako kwenye kidato cha kwanza cha ngazi, mgongo ukitazama juu. Akajisukuma kwa mikono mpaka cha pili, akakifuta cha kwanza. Viwiko vilikuwa vizima, mabega mazima, viganja vinageuka vizuri. Akavihesabu vilivyobaki mwilini, akaona vinatosha. Wenye haraka walimruka wakimwambia pole mama. Aliitikia ahsante, akajivuta kidato kingine. Ghorofa ya saba aliifuta kahawa akiwa amekaa kando yake. Saa nane mchana alifika juu.

Msimamizi alitoka kwenye lifti, akamwamkia, akachungulia chini. Alisema ngazi hazijawahi kung'aa hivyo, hata kwenye kona, na kwamba kuanzia Jumatatu atawaagiza wasafishaji wa majengo yote wafanye kazi kwa kukaa.

Msafisha ngazi akasema amesikia. Akachovya kitambaa, akakikamua mpaka tone la mwisho, akajivuta kuelekea ngazi za nyuma.