Jicho Kubwa

Sundeok alishakaa kwenye kiti cha kliniki, pua imepakwa ganzi, na bado alikuwa anabishana.

"Nipe ile ya kudumu, daktari. Jumamosi naozesha. Mama mkwe wa huyu ana pua imesimama kama mlingoti. Kwenye picha mimi nitaonekana nimekanyagwa."

"Mama, jamani!" Bintiye, Mirang, alijifunika uso.

Daktari, kijana wa Seoul aliyehamia kisiwani Jeju juzijuzi, aliweka mezani sindano mbili za kuinua pua. "Hii ngumu inakaa muda mrefu, lakini ikienda kombo siwezi kuiyeyusha. Hii ya jeli haidumu sana, ila ikiziba mshipa nina dawa ya kuiyeyusha. Na mshipa ukiziba hapo, mtu anaweza kupofuka." Akatazama fomu. "Umesema huvai miwani?"

"Sivai. Macho yangu mazima."

"Safi. Maana pua isigandamizwe mwezi mzima."

"Mwezi? Jumatatu bahari inafunguliwa kwa mavuno, konokono wamenona! Nitavaa jicho kubwa langu kama kawaida."

"Jicho kubwa ndiyo nini?"

Mirang akashika kichwa. "Miwani ya kuzamia. Wazamiaji wote wanaiita hivyo. Inafunika mpaka pua."

Daktari akazirudisha sindano zote mbili kwenye trei. Sasa ndipo alipouona ule mfereji juu ya pua, uliochimbwa na raba ya miwani hiyo kwa miaka thelathini na mbili.

Sundeok alijigusa pua. Hiyo pua mpya alikuwa anaitaka kweli. Alishaanza kuizoea, akijibana pua mbele ya kioo cha bafuni. Akampigia Okrye, mwenzake wa kuzamia. Peke yako huingii majini. Mmoja akibaki, na mwingine anabaki, asipopata wa kuzama naye.

"Mwezi mzima?" Okrye alifoka mpaka daktari akasikia. "Unataka nizame na Jeongok, anayeongea hata chini ya maji?" Kisha akashusha sauti. "Ila ukiitaka sana, shoga, nitakaa nchi kavu. Nitafuma soksi."

Okrye hajawahi kufuma kitu maishani.

Sundeok akakata simu, akafuta ganzi kwa kiganja. "Nitakuja bahari ikifungwa, daktari. Unitilie hii ya kuyeyuka. Jumamosi tutapaka poda."

"Poda nyingi," alisema Mirang, akimshika mkono.

Mlangoni Sundeok akageuka. "Na kwenye fomu, hapo kwenye miwani, ongeza jicho kubwa. Okrye naye atakuja tu, pua yake siiamini."