Swichi ya Kisimani

Asubuhi ile Ami Soud, ndugu wa baba yangu, alinitolea salamu kutoka barazani kwake, nami nikajitia kutafuta kitu ndani ya mkoba. Niliupekua njia nzima mbele ya nyumba yake, waya huku, bisibisi kule, hadi nikaipita kona. Salamu yake niliiacha palepale alipoitoa. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi tangu uchaguzi wa marudio: aliyepiga kura upande ule hauziwi hata chumvi, hapandi gari letu, hasalimiwi, na akifiwa atafute mwenyewe wa kumchukulia jeneza. Ami alipiga kura upande ule na hakuficha. Mama alisema ndani ya nyumba yetu asitajwe, nami nilitii, kwa sababu kutii kulikuwa rahisi kuliko kugombana naye kila nikija kutoka mjini Chake.

Nilikuwa naelekea kisimani. Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Ole, na kisima chetu kina pampu ya sola yenye kompyuta ndogo ndani ya boksi la chuma, kompyuta inayoamua pampu ivute lini na ipumzike lini. Wiki nzima ilikuwa haivuti. Wanawake walikuwa wanateremka bondeni na ndoo, wanarudi na maji ya rangi ya chai. Bi Kazija, mwenyekiti wa kamati ya maji, alinipigia simu dukani kwangu ninakotengeneza simu na kompyuta, akaniambia nije haraka.

Nilipofika nikakuta sikuitiwa maji. Ami Soud ndiye aliyekuwa mtunzaji wa pampu ile tangu ilipofungwa. Baada ya uchaguzi kamati ilimnyang'anya ufunguo, na sasa watu walishaamua kwamba alikuwa na wa pili, akaingia kisirisiri, akaiharibu kwa hasira. Walichokosa ni fundi wa kulisema hilo. Nyange, mtoto wa Bi Kazija, alishatangaza barazani kwamba likithibitika, vijana wataingia shambani kwa Ami baada ya sala ya alasiri na kuikata mikarafuu yake. Alikuja kisimani na panga lake kabisa, akaketi juu ya gogo akilinoa taratibu.

Mikarafuu ile ilipandwa na babu yangu. Ndiyo iliyomsomesha Ami, ikamsomesha marehemu baba, ikanisomesha na mimi mpaka Dar es Salaam. Niliyajua yote hayo nilipokuwa nafungua boksi, na bado moyoni nilikuwa nataka iwe ni yeye. Akiwa mkosa, basi mkoba wangu wa asubuhi haukuwa na ubaya wowote.

"Mwanangu, mie sikukwita kutengeneza," Bi Kazija alisema, kasimama mlangoni mwa kibanda cha pampu akiniziba mwanga. "Kutengeneza baadae. Nambie kwanza, kaingia mtu humu ama hakuingia?"

Nikachomeka waya wa kompyuta yangu kwenye boksi, nikawasha. Ndani ya mitambo kama hii mna programu ndogo inayoamka kabla ya zote, sisi mafundi twaiita butiloda. Kazi yake ni moja: umeme ukiingia, huenda kwenye chipu ya kumbukumbu, huyachukua mafaili ya kazi, huyaamsha, kisha hukaa kando. Hii iliamka vizuri. Ilijitaja jina, ikaenda kutafuta, ikarudi mikono mitupu. Ikajizima, ikaamka tena, ikatafuta tena palepale, ikakosa tena. Niliiangalia ikifanya hivyo mpaka nikahisi miguu yangu mwenyewe inataka kwenda mahali.

Nikaisimamisha katikati, nikaiamuru inionyeshe kilichomo pale inapotafuta. Kioo kikajaa herufi moja, F, mstari baada ya mstari. Chipu ikifutwa hubaki hivyo, F tupu. Na mimi, kwa haraka zangu ambazo mama amezilalamikia tangu nikiwa mdogo, nikasema kwa sauti, "Hapa hamna kitu."

Bi Kazija akageuka kwa wenzake waliokuwa nje. "Mmesikia. Fundi kasema hamna kitu. Kafuta."

Nikasikia panga limeacha kunolewa. Sikio langu lilitambua kwanza, akili ikafuata. Nilitoka nikawaambia sijamaliza, sikusema hivyo, nipeni muda. Nyange akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nilisema hamna kitu au sikusema. Nikakubali nimesema. Akatazama jua, akasema alasiri haiko mbali, akarudi kukaa. Hakuwa na ghadhabu, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikarudi ndani. Sikuweza kukaa. Nilifanya kazi nimesimama, kompyuta juu ya pipa, jasho likinidondoka kwenye vitufe. Nilijaribu hili nikaliacha nusu, nikashika jingine, nikarudia la kwanza. Nilimkasirikia Bi Kazija, nikamkasirikia Ami kwa kura yake, nikamkasirikia mama. Kila nikifumba macho naona mkarafuu ule wa karibu na njia, ambao Ami alikuwa akinipandisha begani nikamate tawi lake la chini, tukivuna. Nilikuwa nikipiga kelele za furaha, naye akisema nisipige kelele, karafuu zitashtuka. Sikuwa nimemkumbuka hivyo tangu ule uchaguzi wa Machi. Nilijikataza.

Ndipo jambo moja likaanza kunisumbua. Mtu anayetaka kuharibu mtambo kwa hasira huchukua jiwe. Kufuta mafaili ndani ya chipu kunataka waya kama wangu na kompyuta kama yangu, na Ami hata ujumbe wa simu alikuwa akimpa mkewe amfungulie. Tena chipu ile imegawanywa vyumba, na butiloda haikumbuki kwa kichwa mafaili yako chumba gani. Huangalia ramani, iliyowekwa kwenye kipembe kidogo cha chipu hiyohiyo. Nikaenda kwenye kile kipembe. Ramani ilikuwa imevurugika, nusu imeandikwa, nusu takataka. Butiloda ilipoona haisomeki, ikarudia ramani iliyotoka nayo kiwandani, na ile ya kiwandani inaelekeza chumba ambacho katika mtambo wetu hakijawahi kuwekwa kitu. Zile F zilikuwa za chumba ambacho tangu mwanzo hakina mkaazi.

Kila mtambo unapowashwa, butiloda huandika kidogo kwenye kipembe kile. Umeme ukikatwa wakati inaandika, mara moja, mara mbili, ramani huenda isidhurike. Ukikatwa kila siku, itadhurika.

"Bi Kazija," nikaita. "Nani hukata umeme hapa?"

"Mie," akajibu, bila kusita. "Ile swichi ya ukutani. Akija yule mke wa Soud na ndoo, nazima. Akenda zake, nawasha. Yule Bi Mwanabaraka hana haya, akiona taa ya boksi tu arudi. Nami nazima tena."

"Unamwacha achote kidogo kwanza?"

"Achote nini? Taa ikiwaka tu nakata. Asipate hata la kutawadhia."

Alisema akiwa amenyooka, kama mtu anayetoa hesabu ya kazi nzuri. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilisikia aibu mpaka kwenye masikio, na aibu ile haikuwa yake peke yake.

Nikaanza kuipekua chipu chumba kwa chumba, kutoka mwanzo, nikitafuta alama ambayo kila faili la kuamkia huanza nayo. F, F, F. Adhana ya alasiri ikaanza. Wanaume wakainuka, Nyange naye akaliegemeza panga kwenye gogo akaenda kusali, na nikajua sala ikiisha atapita kulichukua. Niliandika amri nikaikosea, nikaifuta, nikaikosea tena. Kisha mistari ya F ikakatika. Alama ilikuwa pale, na nyuma yake mafaili yote, mazima, hayajaguswa na mtu.

Nikaielekeza butiloda chumba kile, nikaiandikia ramani mpya, nikawasha. Haikurudi mikono mitupu. Chini ya ardhi pampu ikanguruma, bomba likakohoa tope, likakohoa hewa, kisha maji yakaja. Wanawake wakaziwahi ndoo. Nilitaka kulia na nilitaka kukaa chini, nisifanye lolote.

Wanaume walirudi kutoka msikitini wakaikuta sauti ile. Na kutoka upande wa pili wa migomba akaja Bi Mwanabaraka, na ndoo yake, akasimama mwisho wa foleni kama alivyosimama kila siku. Hakuomba kitu. Bi Kazija akaingia kibandani, mkono wake ukaenda ukutani wenyewe, kwa mazoea.

Nikauwahi. Sikuushika, niliweka wangu juu ya swichi, chini ya wake.

"Hakuna aliyefuta," nikasema, na nikasema kwa sauti ya kumfikia Nyange. "Nilisema hamna kitu, nilikosea. Mafaili yalikuwamo siku zote. Kilichoua pampu ni mkono huu, swichi hii, kila alipokuja huyu mama. Ukikata sasa itakufa tena, na mara hii sitakuja."

Alinitazama. "Na wewe ni mtoto wa Thuraiya," akasema taratibu, akimtaja mama yangu, na sikujua analaumu au anashangaa. Hakuuondoa mkono, wala hakuukandamiza. Tukasimama hivyo, wawili, mkono juu ya mkono, tukisikiliza ndoo ya Bi Mwanabaraka ikijaa. Nyange alilichukua panga lake, akalitazama kidogo, akaenda zake kwa njia ya nyumbani kwao, si ya shambani.

Nilipokuwa narudi jua lilikuwa limelegea. Baraza la Ami lilikuwa tupu, kanzu imeanikwa, mlango umeegeshwa. Hakukuwa na mtu wa kunitangulia kwa salamu, na ningeweza kupita. Nikasimama. Mkoba nikauweka chini, kwa sababu mikono yangu ilishaanza kuutafuta.

"Assalamu alaykum," nikasema.

Ndani nikasikia kikombe kinawekwa juu ya sahani. Kisha sauti yake, karibu sana, nyuma ya mlango.

"Waalaykumu salaam," Ami akajibu. "Nani?"

Sauti yangu aliijua tangu sijaweza kutamka jina lake. Nikafungua kinywa kumjibu ni mimi, nikaona haitoshi kwa mtu aliyenisalimu asubuhi nikampita.