Cha Ndani au cha Nyuma ya Sikio

...na katika vifaa hivi vya kusikia hiki ndicho kidogo kuliko vyote, kama punje ya maharage, kimelala katikati ya kiganja chake, na huyu binti mtaalamu wa masikio anatamka neno mojamoja, kinaingia ndani kabisa, baba, hakuna atakayekiona, hilo nimelisoma midomoni mwake bila shida, maana midomo naijua, nimeisoma miaka sita kwenye kioo cha saluni na hakuna aliyenigundua, mteja amekaa mbele, mimi nimesimama nyuma na mashine mkononi, uso wake uko kwenye kioo, anasema pembeni punguza, juu acha, napunguza pembeni, juu naacha, nani atasema kinyozi huyu hasikii... lakini hiki kingine, cha nyuma ya sikio, kikubwa kama korosho, na kimrija chake kinachoteremka kuingia tunduni, hiki kila mtu atakiona, cha tatu tumeshakiweka kando, kile cha kujaza sikio lote kama kizibo cha chupa, kwa jasho langu na vumbi la nywele kingeziba kabla ya wiki kuisha, kwa hiyo vimebaki viwili, na binti anataka nichukue korosho. Amenionyesha karatasi, mstari wa usikivu wangu umeanzia juu ukaporomoka kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi, cha ndani nguvu zake hazitakutosha, baba, na betri yake ni ndogo, vidole vyako hivi utaishikaje, vidole vyangu hivi, mwanangu, vinashika wembe, nimesema moyoni, nikanyoosha tu kidole kwenye punje ya maharage kama mtoto dukani, nataka hicho. Yeye masikio ameyasomea, mimi nimeyakunja kwa kidole gumba miaka thelathini ili nipitishe wembe nyuma yake, makubwa, madogo, yaliyopinda, yale yanayopata moto mwenyewe akidanganya, nyuma ya sikio mtu hana siri kwa kinyozi, na ndiyo maana sitaki, mimi ndiye ninayetazama masikio ya watu, sasa wakae kwenye kiti changu watazame langu, waseme aa, kumbe mzee amekwisha, kumbe siku zote alikuwa anaitikia tu... Kuitikia nako ni ufundi, enhe, kweli kabisa, dunia hii bwana, ukichanganya vizuri mtu anaongea nusu saa na anatoka ameridhika, ufundi ambao haukuniangusha ila siku ile moja, ya Mwalimu, mteja wangu wa miaka ishirini, alikuwa ameinamisha kichwa nimalizie kisogo, uso umetoka kwenye kioo, nikaona mabega yanapanda na kushuka, nikajua anasema kitu, na Mwalimu kwa kawaida husema habari za wanawe na vyeti vyao, nikamwambia kwa sauti ya furaha, hongera sana, Mwalimu, Mungu azidishe! Saluni nzima ikatugeukia. Mke wangu, ambaye kila Jumamosi huja kukaa kwenye benchi pale mlangoni, akasimama na ufagio mkononi, akasema kwa nguvu mpaka nami nikamsikia, "Anakupa pole, Mwalimu, pole sana!" na Mwalimu akanyanyuka na taulo shingoni, upande mmoja wa kisogo haujanyolewa, akaenda zake, hajarudi, ni miezi miwili sasa, mkewe alikuwa amelazwa, hali mbaya, ndilo alilokuwa ananiambia kwa kunong'ona, akiwa ameinama... Na badala ya kuona haya nilifika nyumbani nikamfokea mke wangu, nani amekutuma unisemee, kimbelembele tu, kila Jumamosi umekuja kukaa pale kudaka maneno ya watu, akanitazama, hakujibu, na sikushangaa, maana kwetu pametulia siku hizi, miaka mitatu hatujagombana, hata wateja huwa nawaambia, vumilieni, umri ukienda ndoa inapoa yenyewe kama chai...

Binti amenishika sikio la kushoto, mkono wa baridi, ananivalisha ile korosho, ananiambia usoni, hiki ni cha kujaribu tu, baba, nipime kama kinakukaa, bado sijakiwasha, sawa, nimeitikia kwa kichwa, amegeukia kompyuta yake, mke wangu ameketi kulia kwangu na mkoba mapajani, na mimi natazama ukutani kwenye picha ya sikio lililopasuliwa, lina kitu kama konokono ndani, nani angejua tunatembea na konokono... halafu tik, tik tik, tik, nini hicho, ni vidole vya binti kwenye kompyuta, kumbe vina sauti, na juu kuna feni inakwaruza, na ukosi wa shati langu unasugua shingo, shii, shii, amekiwasha, amekiwasha bila kujua, nimefungua mdomo nimwambie, na hapo hapo nikasikia mwanamke anaongea, sauti ya chini, yenye mchanga kidogo, nikadhani kuna mtu ameingia, nikageuka mlangoni, hakuna mtu, ni mke wangu. Sauti yake ninayoijua mimi ni ile ya kupigiwa kelele, maneno matatu matatu, chakula tayari, simu inaita, hii sikuwa nayo, au nilikuwa nayo zamani nikaipoteza.

"Mpe tu hicho kidogo, mwanangu."

"Mama, hakitamsaidia sana. Nimewaonyesha."

"Najua. Lakini kikionekana hatakivaa, atakifungia kabatini. Saluni ile ndiyo heshima yake. Bora asikie kidogo, mimi nimeshazoea."

"Umezoea nini?"

"Kumsikilizia. Jumamosi watu wanajaa, wengine wanaongea wameinama, basi nakaa pale, mtu akisema kitu nakirudia kwa sauti. Yeye anaona nina kimbelembele. Mwalimu nilimfuata mpaka kwake nikamweleza, na wala hana kinyongo, ndiye aliyenielekeza hapa."

Jumamosi zote zile... miaka yote ile nikijiona bingwa wa kusoma midomo kwenye kioo, pembeni punguza, juu acha, nani alikuwa ananiambia, kioo au benchi, na nimemfokea mara ngapi, mbele ya wateja mara ngapi, macho yangu yako kwa konokono wa ukutani na sikio linanipata moto, lile lile lenye korosho, bila shaka limekuwa jekundu, mimi nayajua masikio... nimwambie nasikia, sema, mzee, sema sasa, lakini ameendelea.

"Na siku hizi simwambii mengi. Kupiga kelele kunachosha, mwanangu. Chakula tayari, hilo utapigia kelele. Sasa utapigaje kelele kusema goti linaniuma? Nilimwambia mara mbili. Mara ya pili akanijibu, sawa, nunua tu."

Binti amecheka, na yeye amecheka, kicheko kifupi cha puani, nilikisahau kicheko hicho, na mimi nimekaa kama gogo, goti gani, tangu lini, tumepanda ghorofa mbili kuja humu, mimi mbele, yeye nyuma ameshika ukuta, nikasema moyoni amenuna... kumbe hatukutulia, alichoka tu, akaninyamazia, na mimi nikawa nawasifia watu huo unyamavu wake. Cha nyuma, basi, hiki hiki, na kionekane, anayetaka kukitazama kwenye kioo atazame mpaka achoke, Jumamosi mke wangu akae nyumbani anyooshe mguu, au aje akitaka, akae bure, na tukitoka hapa nitamshika mkono tushuke taratibu nimwambie nimesikia yote, nitamwambia, si haki kumsikiliza mtu hivi kama mwizi, lakini nikisema sasa atashtuka, atarudi kwenye maneno matatu matatu... "BABA, UMEAMUA?" binti amenigeukia, sauti imeingia kama msumari, nimenyanyua kidole, ngoja kidogo, binti, bado nafikiria, nimerudisha macho ukutani, na pembeni yangu ile sauti ya chini inasema mwache tu, ndivyo alivyo, tena ni goti la kushoto, mwanangu, asubuhi ndiyo linakaza, nikishusha mguu kitandani lazima kwanza nikae, nilisugue, nihesabu mpaka kumi, yeye huwa amelala...