Korongo wa Kajsa

Kazi yangu ni kutunza makaburi, na jirani zangu hapa Stockholm hunitania kwamba kufa kufaana. Waseme. Mwezi wa pili hawaoni ninavyohangaika: ardhi imeganda, sururu haiingii, na majeneza hukaa bandani kwangu nyuma ya kanisa yakingoja barafu iyeyuke. Jeneza la Kajsa, mtoto wa miaka minne, lilikuwa karibu na mlango.

Baba yake, Botvid, alikuwa mchongaji. Benki ilimwagiza achonge bamba la shaba la noti mpya, kisha apige chapa chache za majaribio ili wakubwa wazitazame. Alichonga korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, huku mguu wa pili umeshika jiwe, ili akisinzia limponyoke azinduke. Chini yake yakaja maneno yaleyale ya siku zote, kwamba atakayeghushi noti hii atanyongwa. Chapa zote hurudishwa benki. Botvid alibaki na moja kwa sababu mtoto alikuwa na homa na alimtaka "yule kuku". Kajsa alikufa akiwa ameishika.

Benki ilipoidai, Botvid alisema ameichoma. Nani angemwamini? Chapa ikipotea, wao huiona tayari iko mezani kwa waghushi. Wakamtia ndani, wakasema isipoonekana kabla ya hukumu kesho yake asubuhi, kitanzi ni chake.

Mchana huo mkewe, Malin, akaja kwangu na mtu wa benki aitwaye Lindroth.

"Mzee Gudmund, fungua jeneza," alisema. "Mwanangu ameshika kitu cha watu."

Nilikataa. Nilimwambia jeneza likishapigiliwa misumari halifunguliwi bila ruhusa ya kasisi, na kasisi alikuwa visiwani. Nikamgeukia Lindroth, nikamwambia benki yake ikishamaliza kuwatesa walio hai, iwaache maiti wapumzike. Hasira ilinipanda.

"Usinitetee, baba," Malin alisema. "Huyu nimeshampoteza. Yule mwingine bado anapumua."

Niking'oa misumari nilikuwa nalia, sioni aibu kusema. Mkono wa Kajsa ulikuwa umeganda, ngumi imefumbata karatasi. Lindroth akatoa kisu chake cha kuchongea kalamu, akasema vidole hivyo havihisi tena maumivu.

"Kirudishe mfukoni," nilimwambia, "la sivyo utalala humuhumu."

Malin hakutusikiliza. Alipiga magoti, akaushika ule mkono mdogo kwa viganja vyake viwili, akausogeza mdomoni na kuanza kuupulizia pumzi. Alipuliza muda mrefu. Midomo yake ilibadilika rangi kwa baridi, naye hakuacha. Kidole kimoja kikalegea, kisha kingine, na Lindroth akaichomoa karatasi taratibu. Akaikunjua mlangoni penye mwanga: korongo mzima, na jiwe lake. Alisema Botvid atafunguliwa kabla ya jioni, akaondoka bila hata kurudishia mlango.

Nikachukua nyundo na misumari yangu.

"Inatosha, mama," nilimwambia Malin. "Karatasi imepatikana. Mumeo anarudi."

Alikuwa bado anaupulizia ule mkono mtupu.

"Usifunge kwanza," alisema. "Anapata joto."