Wanaokuja Wawili Hutangulia

Zahanati ile ilikuwa na utaratibu wake: mjamzito aliyekuja na mumewe hakupanga foleni. Waliitwa mbele, wakapimwa virusi vya UKIMWI pamoja, na majibu wakasomewa pamoja. Lengo lilikuwa jema, kwamba baba asibaki nyumbani akisubiri kuletewa habari.

Fundi cherehani mmoja mjamzito alikuwa amejiandaa kumbembeleza mumewe wiki nzima. Ajabu, mume huyo, mpaka rangi wa nyumba, ambaye hata jino likimuuma hamwoni daktari mpaka shavu livimbe, alikubali papo hapo. Tena walipofika hakuuliza njia. Alikata kushoto, akalipita dirisha la dawa, akasimama mbele ya mlango wenyewe wa chumba cha vipimo.

"Kumbe unapajua hapa?"

"Zahanati zote zinafanana, mke wangu."

Jibu lile halikumwingia akilini.

"Haya, wenye waume wapite!" mama mmoja alitania kutoka kwenye foleni. "Wa kwetu wamejificha uvunguni!"

Wote wakacheka, isipokuwa mpaka rangi.

Ndani, muuguzi aliinua uso akatabasamu. "Karibu tena, baba. Mama hajambo? Alijifungua sala..." Macho yake yakatua kwenye tumbo lililokuwa mbele yake. Akaanza kupanga vifaa ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Mama yupi?" fundi cherehani aliuliza taratibu.

"Samahani, dada. Labda nimefananisha."

"Hujafananisha," fundi cherehani alimkatiza. "Tupishe kidogo, tafadhali."

Mlango ulipofungwa, mpaka rangi alijifuta jasho. "Ni mke wa kaka. Kaka alikataa katakata kuja, na mkewe miguu ilikuwa imevimba, hawezi kusimama foleni. Nikamsindikiza kama mume."

"Kama mume."

"Kwa ajili ya foleni tu!"

"Na ukapimwa kama mume?"

"Nilipimwa. Nilikuwa salama."

"Lini?"

"Mvua zilipoanza."

"Mvua zimekwisha, nawe kimya."

"Ningekwambia nilipima na nani?"

Kila neno lilikaa mahali pake, na hilo ndilo lililomtia shaka. Kazini alikwisha kuwazoea wateja wenye maelezo yaliyopigwa pasi.

"Na yeye? Majibu yake yalikuwaje?"

"Hayo siwezi kukwambia."

"Mimi, mkeo?"

"Hata wewe. Niliyasikia kwa sababu nilikalia nafasi ya kaka. Hayakuwa yangu."

Fundi cherehani alimtazama usoni. Mwongo angemtupia jibu lolote, ilimradi amridhishe. Lakini pia, aliyeweza kulificha hilo msimu mzima, angeshindwa kuficha nini kingine? Mawazo hayo mawili yalivutana ndani yake, na hakuna lililoshinda. Alichojua ni kimoja tu: mtoto aliyembeba hangekingwa na maneno ya baba yake, yawe ya kweli au ya uongo.

Akafungua mlango, akamwita muuguzi.

"Tupime wote wawili," alisema. "Ila aanze yeye."

Mpaka rangi akanyoosha kidole bila kubisha. Mkewe akasogea karibu, bega kwa bega. Kwa aliyewaona kwa mbali yangeonekana mapenzi. Kumbe alitaka kuliona tone lenyewe la damu likitoka.