Jino Lenye Rangi ya Kucha

Jumatano asubuhi mwenye kiwanda cha mbao aliingia na kipande cha gogo, akakiweka juu ya meza ya mama, akakisukuma kwa kidole kimoja. Kikayumba kama kiti kibovu.

"Fundi, sikuja kugombana," akasema. "Ila tazama mwenyewe. Msumeno unaingia wima, unatoka umepinda. Wakataji wangu wanasema cheni zako siku hizi zinakata kombo."

Mama alikigeuza kile kipande, akapitisha kidole kwenye mkato. Kwa miaka kumi na minane amekuwa akinoa cheni za misumeno ya injini kwa tupa, jino baada ya jino, ameketi kwenye kigoda kilekile karibu na dirisha. Tupa hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka chuo cha ufundi. Lakini tangu mwaka jana kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kinavimba, na meno ya upande mmoja yalikuwa hayapati nguvu anayoyapa ya upande wa pili. Yale yakabaki marefu, haya yakawa mafupi, na msumeno ukawa unavutwa upande wenye meno marefu.

"Nipe mpaka Jumamosi," mama akasema.

"Jumamosi saa nne nakuja na gogo. Cheni ikikata sawa, kazi yangu yote inabaki hapa. Isipokata, utanisamehe, nitatafuta fundi mwingine."

Alipotoka, mama alikaa akijisugua kifundo. "Yule akiondoka, mwanangu, na mimi nafunga mlango. Wateja wengine ni wa kuja na kupotea."

Hapo nikatoa sentensi niliyokuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo kwa miezi mitatu. "Mama, tununue mashine ya kunolea."

Akageuka polepole. "Kumbe unaongea," akasema, akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akainuka, akaenda kutoa kopo la akiba chini ya kitanda, akanikabidhi lote. "Wewe ndiye uliyesoma. Kachague."

Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Kesho yake nilikuwa mlangoni mwa duka la vifaa kabla hata muuzaji hajafungua kufuli.

Mashine zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, kubwa, inaikaza cheni yenyewe kila unaposhusha mpini. Niliiangalia kama mtu anavyoangalia harusi ya jirani ambayo hakualikwa, nikapita. Ya pili ilikuwa ya plastiki, bei yake chini kabisa. Nikaishika kichwa, nikakitikisa kidogo, kikacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Kichwa kikicheza, jiwe la kunolea haliwezi kugusa jino mahali pamoja mara mbili. Nayo nikaiacha.

Ya tatu ilikuwa kwenye rafu ya chini, imejaa vumbi, boksi lake limechanika na karatasi ya maelezo haipo. Lakini kitako chake kilikuwa cha chuma. Nikashusha mkono wake, nikaupandisha, nikausukuma pembeni. Haukucheza hata kidogo.

"Naomba ulitoe jiwe," nikasema.

"Jiwe?"

"Nilisikilize."

Muuzaji akanitazama, akachukua spana. Nilipitisha kidole kwenye tundu la jiwe, nikalining'iniza, nikaligonga kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Likatoa sauti nzito, iliyokufa, kama chungu chenye ufa.

"Hili limepasuka ndani," nikasema. "Likizunguka linaweza kuruka vipande."

"Dada, unanunua mashine au unachunguza mchumba?" akasema, lakini akaenda stoo. Jiwe la pili nilipoligonga lililia vizuri, sauti nyembamba iliyokaa hewani. Nikajikuta natabasamu peke yangu.

Akataja bei. Ilizidi kidogo kilichokuwa kwenye kopo. Nikanyamaza, si kwa ujanja, nilikuwa tu natafuta namna ya kumwambia bila kuona haya. Akapunguza. Nikaendelea kutafuta maneno. Akapunguza tena.

"Basi, basi," akasema, "na miwani ya kukinga macho nakupa bure. Sijawahi kukomolewa na mtu asiyefungua mdomo."

Ijumaa asubuhi tuliifunga mashine kwenye meza kwa boliti nne, juu ya ubao mnene. Mama alishika spana kwa mkono wa kushoto, akanisimamia kama vile mimi ndiye fundi na yeye mteja msumbufu. "Kaza hiyo. Hapana, bado. Kaza, usiibembeleze."

Nikageuza kishikio cha cheni mpaka kwenye alama ya nyuzi thelathini, nikarekebisha kile kiskrubu kinachosukuma jino lifike chini ya jiwe. Mama akachukua chupa ya rangi nyekundu ya kucha, iliyobaki tangu mahafali yangu, akapaka jino moja. Ndivyo anavyofanya siku zote, ili ukizunguka na kukutana na jino lenye rangi ujue umemaliza.

Nikawasha. Jiwe likaanza kuimba. Nikashusha mpini, gusa, achia, gusa, achia, kwa sababu jino likikaa chini ya jiwe linaungua, linageuka rangi ya buluu, na likishakuwa buluu halikati tena. Cheche zikaruka. Nilimaliza upande mmoja, nikageuza kishikio nyuzi thelathini upande wa pili, nikamaliza na huo. Chai ya mama ilikuwa bado inatoa moshi.

"Nusu saa nzima ningekuwa bado nahangaika na tupa," mama akasema, akiwa ameishika cheni kama mkufu.

Tulikimbilia uani na msumeno wetu wa zamani. Nikakata kipande cha mti mkavu, nikakiweka juu ya sakafu ya saruji, nikakisukuma.

Kikayumba.

Nilihisi machozi yanakuja, nikajifanya ni vumbi la mbao. Akiba yote ilikuwa imeishia kwenye ile mashine. Mama aliivua cheni, akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya meno, moja la kushoto, moja la kulia.

"Haya si mapacha," akasema.

Akachomoa kijiti kwenye ufagio, akakilaza juu ya jino la upande mmoja, akakikata kwa ukucha kulingana na urefu wake. Akakihamishia jino la upande wa pili. Kijiti kilizidi kwa unene wa ukucha.

"Lakini nimeweka thelathini pande zote, mama."

"Thelathini ya nani? Hizo namba zimebandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi kwao."

Nikainama chini ya mashine, nikaona. Kishikio hakikukaa katikati ya jiwe. Ukikigeuza huku kinasogea karibu, ukikigeuza kule kinakwenda mbali. Chuoni walinifundisha kusoma namba, na mimi nikaziamini kama kitabu.

"Kwa hiyo kila nikigeuza kishikio ninoe jino moja tu kwanza," nikasema, nikienda mbio na maneno, "nilipime kwa kijiti, nisogeze skrubu mpaka yalingane, ndipo niendelee."

"Mimi sijui skrubu. Mimi najua kijiti."

"Mbona wewe hukuwa unapima?"

"Nilikuwa napima kila siku," akasema taratibu. "Mkono ndio ulikuwa unakataa."

Nikarudi kwenye mashine. Tulitafuta jino fupi kuliko yote, tukayashusha mengine mpaka kwake. Skrubu ilipokaa sawa kwa kila upande, nikaiwekea alama ya rangi ya kucha, moja ya kushoto, moja ya kulia, karibu na zile namba za uongo.

Jumamosi saa nne kamili mwenye kiwanda alifika na gogo pamoja na mkataji wake. Cheni yetu ikafungwa kwenye msumeno wao, na mkataji akaanza kukata gogo nje ya mlango. Sikutazama msumeno, nilitazama mkono wa mama uliokuwa umeshika ukingo wa meza.

Kipande kikaanguka. Mwenye kiwanda akakiokota, akakiweka mezani, akakisukuma kwa kidole. Kikatulia. Akakisukuma kutoka upande wa pili, kisha akainama kutazama chini yake kana kwamba tumekiwekea gundi.

"Nani amenoa hii?"

"Muulize aliyenunua mashine," mama akasema.

Wote wakanigeukia. Masikio yakaniwaka moto. "Mama amepima," nikasema. "Mimi nimeshika mpini."

Akacheka, akatoka kwenda kwenye gari, akarudi na gunia la cheni, akalitua sakafuni kwa kishindo. Mama akavuta kigoda chake kutoka dirishani, akakileta karibu na mashine, akaketi.

"Niletee rangi," akaniambia.

Chupa ilikuwa imebaki robo. Nikasema nitanunua nyingine leo hii, na nilisema kwa sauti ambayo hata mkataji aliyekuwa nje aliisikia.